Khanga ya kampeni niliyoitoa jenezani

Mama Anyesi wa ukurasa huu, mwangaluka mayu, na kama ukiisoma jua limeshapinda basi mwadila. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi hapa Kasoli, gazeti hutufikia limechelewa siku mbili tatu kutoka Bariadi mjini lakini nalisoma hivyohivyo, na miaka yote nimewasoma wanaokuandikia mambo yao ya ndani nikijisemea hawa watu hawana haya, kumbe zamu yangu ilikuwa njiani, na sasa naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya tarehe tisa Agosti, kwa sababu siku hiyo mtu asiye na kosa atasimama mbele ya ukoo wangu na kuomba msamaha kwa jambo nililolifanya mimi.

Nina umri wa miaka sitini na tatu, nilikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa pamba kwa miaka ishirini na saba, na tangu uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi mwaka 1995 nakusanya vitu vya kampeni za urais. Navikusanya vya vyama vyote, sichagui, kofia, fulana, khanga, vitambaa vya kichwa, kalenda, kalamu, vibandiko vya kwenye baiskeli, mabango ya wagombea ambao leo ukimtajia mtu wa hapa jina atakuuliza huyo alikuwa nani. Kila kitu kina kadi yake, naikata kutoka kwenye maboksi, naandika ni kitu gani, kilipatikana wapi, mwaka gani, kutoka kwa nani, na hali yake. Kazi ya mizani ilinisaidia sana, kwa sababu msimu wa pamba vijiji vyote hupita mbele yako, mkulima anakuja na magunia yake amevaa fulana ya 2005 imechanika kwapani, namwambia ngoja baba, namletea fulana mpya ya dukani, anavua palepale watu wakicheka. Kuna fulana niliivua kwenye sanamu ya kutishia ndege katika shamba la mtama. Kuna bango nilibandua kwenye mlango wa ghala kwa maji ya moto na kisu cha mezani kutwa nzima, na halikuchanika hata pembe. Watu wa chama hiki wamenidhania ni wa chama kile, na wa chama kile wakanidhania mpelelezi, lakini mimi nilikuwa napenda tu kuona vitu vinakaa, kwa sababu hapa kwetu uchaguzi ukiisha fulana inakuwa dekio na bango linafungia dagaa, na baada ya mwaka mmoja huwezi kuamini kwamba watu walikuwa wakiimba.

Mke wangu alikuwa akiliita sanduku langu la bati mke mwenza. Mgeni akifika na kuniulizia anamjibu, "Subiri kidogo, yuko chumbani na mwenzangu." Tulikuwa tunacheka wote, au mimi nilidhani tunacheka wote.

Sasa kuhusu hiyo khanga. Mwezi Septemba mwaka 1995 kulikuwa na mkutano mkubwa wa mgombea mjini Bariadi, mimi sikuweza kwenda kwa sababu ulikuwa msimu na mizani haifungwi, mke wangu alikwenda yeye na wanawake wenzake juu ya lori la pamba, akiwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, Kwandu. Khanga zilizoletwa zilikuwa chache na wanawake walikuwa wengi, wagawaji wakawa wanachana doti katikati, kila mwanamke upande mmoja, na yeye akarudi na upande wake amejifunga kichwani, amejaa vumbi, anaimba nyimbo za kule. Khanga hiyo ndiyo iliyombeba Kwandu. Ilikuwa mbeleko, shuka ya kumlazia chini ya kivuli wakati wa palizi, na alipougua surua ndiyo aliyofungwa nayo mgongoni mpaka zahanati. Mwaka 2000 kampeni ziliporudi nilipata hamu ya kupanga vitu vyangu vizuri, nikaikuta imeanikwa kwenye kamba nikaitoa. Mke wangu akasema, "Hiyo ni yangu." Nikamwambia ni yetu sote, nakutunzia, ukiendelea kuivaa itaisha. Aliiomba tena mara nyingine, sikumbuki ni ngapi, na kila mara nilimnunulia khanga mpya ya dukani na kuona nimemtendea wema.

Kilichonimaliza zaidi ni upande wa pili. Mwaka 2011 nilipata habari kwamba huko Mwandoya, wilaya ya Meatu, kuna mfanyabiashara wa ng'ombe anaitwa Masele anafunikia redio yake khanga ileile, rangi ileile, maandishi yaleyale, nikapanda baiskeli siku mbili, nikampa blanketi jipya yeye akanipa upande wake. Hata kama haukuchanwa kutoka kwenye doti ileile ya mke wangu, sasa nilikuwa na doti kamili ya 1995, na sijamsikia mtu mwingine mwenye nayo mkoa huu wote wa Simiyu. Kadi ya upande wa Masele imejazwa yote. Kadi ya upande wa kwanza nimeandika Bariadi, Septemba 1995, mkutano wa hadhara, hali nzuri, doa la mafuta kwenye pindo, na pale penye kutoka kwa nani nilichora mstari, kwa sababu kilikuwa kitu cha nyumbani.

Mwaka jana mke wangu aliugua figo, tukamrudisha nyumbani madaktari waliposema hakuna la kuongeza, na mchana mmoja nikiwa nimekaa naye ananywa uji kwa kijiko akaniambia, "Nikiondoka mnifunike na ile khanga yangu. Ile ya Kwandu." Mimi nikamwambia, "Usiseme maneno hayo." Aliniangalia muda mrefu halafu akageukia ukutani. Sikumjibu ndiyo, Mama Anyesi, na sikumjibu hapana, nilijificha humo katikati. Kumbe alikuwa ameshamwambia na mdogo wake, Nyanjige, na alipofariki Nyanjige akaja kwangu mbele ya wanawake waliomwosha akasema, "Shemeji, fungua sanduku." Nilifungua, ningefanyaje watu wote wananitazama. Wakamvalisha gauni lake la jumuiya, wakamlaza jenezani, wakamfunika na ile khanga kuanzia kifuani mpaka miguuni. Katekista wetu Onesmo alikuwepo, akasema kwa sauti ya chini kwamba haipendezi picha ya mgombea kuingia mbele ya altare, wangetafuta khanga nyingine. Nyanjige akamjibu, "Baba katekista, haya ni maneno ya marehemu, siyo yangu."

Asubuhi ya maziko, kabla watu hawajaanza kupita kuaga, nikaomba niachwe peke yangu na mke wangu dakika chache. Wakatoka wote kwa heshima na kurudisha mlango. Nilikuwa nimeingia kumuaga, nakuapia, sikuingia kuiba, lakini niliposimama pale macho yangu hayakwenda usoni kwake, yalikwenda kwenye pindo, nikaona maandishi bado yanasomeka vizuri, nikafikiria mchwa. Mke wangu amelala pale na mimi nawaza mchwa na khanga. Nikaitoa polepole kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala, nikamfunika shuka nyeupe iliyokuwa kwenye kiti, nikaikunja khanga na kuiingiza ndani ya koti. Nikafunga vifungo vyote. Nikatoka.

Nilisimama kaburini na khanga ile kifuani. Nilitupa udongo nayo kifuani. Watu waliona nimejishika hapa kwenye moyo muda wote wa maziko, wakaniletea kiti na maji, wakasema mzee anaumwa, msimwache peke yake, na wazee wawili wakanishika mikono mpaka nyumbani.

Wakati wa kuaga Nyanjige aliona khanga haipo. Hakupiga kelele siku ile, lakini matanga yalipokwisha alimwendea Onesmo na kumwambia wazi kwamba yeye ndiye aliyeitoa, kwa kuwa ndiye pekee aliyeipinga na ndiye aliyeingia kusali baada yangu kutoka, na mimi mfiwa hakuna aliyenidhania. Onesmo alikana. Akaapa. Kwandu, ambaye ni mwalimu huko Nyalikungu, Maswa, naye alikwenda kwake akamwomba kwa machozi amwambie tu ameitupa wapi, akamwambia hatagombana naye, anataka mbeleko yake. Alipokosa jibu alipekua shimo la taka la kigango, pale kanisani, kwa jembe, mwalimu mzima, watu wanamwangalia, na mimi baba yake nilikuwa nimesimama pale. Nilimwambia, "Twende nyumbani, ng'wanawane." Kumwita mwanangu, ndilo neno nililoliweza.

Tangu hapo huu ni mwezi wa kumi na mbili. Wazazi wengi waliondoa watoto kwenye mafundisho ya Onesmo, wanasema mtu anayemvua maiti atafundisha nini. Mkewe anateka maji peke yake. Mwenyewe amekonda, na Onesmo huyu Mama Anyesi ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza, kofia yangu ya mwaka 2000 alinipa yeye akiivua kichwani. Mwezi wa tano Kwandu amejifungua mtoto wa kike, akampa jina la bibi yake, na amesema mtoto hatabatizwa katika kigango hiki mpaka Onesmo aseme kweli.

Sasa tarehe tisa ni misa ya mwaka na kusimika msalaba, mafundi wanajengea kaburi wiki hiyo. Juzi Onesmo amekuja kwangu akakaa kwenye benchi, akaniambia, "Mwenzangu, nimechoka. Siku ya misa nitasimama niseme ni mimi, niwaombe radhi, watu wapumzike na mke wangu apumzike. Mungu anajua sikuichukua." Akaniomba mimi kama mfiwa niupokee ule msamaha ili watu wasimzomee. Nikamwambia sawa. Mama Anyesi, nilimwambia sawa, na sanduku lilikuwa nyuma ya ukuta niliouegemea.

Khanga yenyewe sijaitazama. Siku ile niliiweka juu ya pacha wake nikategemea nitafurahi, ikanipiga harufu ya yale manukato waliyompaka, harufu imeshinda vidonge vya kufukuza nondo wa nguo, na sijafungua tena. Kampeni zinaanza tena mwezi huu, nasikia fulana zimeshaanza kushonwa, na kwa mara ya kwanza sitamani hata kofia moja. Nimefikiria njia tatu. Ya kwanza ni kuichoma moto iishe. Ya pili ni kuiingiza kwenye simenti wakati mafundi wamekwenda kula, ili iwe imerudi kwake bila mtu kujua. Ya tatu ni kuiweka kwenye stoo ya kigango ikaonekane huko, Kwandu apate mbeleko yake, na Onesmo kwa vile ameshakubali mwenyewe haitamwongezea kitu. Nieleze ni ipi yenye nafuu, kwa sababu nikisema kweli nitakuwa nimempoteza Kwandu, na mtoto yule sitamshika tena, na mimi sina mwingine wa kunifungulia mlango uzeeni.

Mimi msomaji wako,
Karani wa mizani, Kasoli.

MAMA ANYESI ANAJIBU

Baba Kwandu, mwadila. Wako wasomaji walioniandikia tangu Juni na bado wanangoja, wanisamehe, barua yako imefika Jumatatu na nimeipandisha juu ya zote kwa ajili ya hiyo Jumamosi. Pole kwa msiba wako. Naitanguliza pole na naisema kwa moyo, kwa kuwa baada ya hapa sina upole mwingi wa kukupa.

Umeniomba nichague katika njia tatu. Sichagui. Zote ni njia moja, khanga inapotea machoni pa watu na wewe unabaki mfiwa wa kuletewa kiti na maji. Nilipofika kwenye ile ya stoo ya kigango niliiweka barua chini nikatoka uani kupumua. Rafiki yako amebeba aibu yako mwaka mzima, mkewe ametengwa kisimani, na sasa unataka kumtengenezea na ushahidi, halafu unaniandikia kwamba haitamwongezea kitu! Hebu isome tena sentensi hiyo kwa sauti, peke yako, usikie ilivyo. Na kuhusu simenti, mkeo hakuomba kuwekewa nguo chini ya zege fundi akiwa amekwenda kula. Aliomba afunikwe nayo, mchana kweupe, na watu wanaompenda. Hilo limepita. Huwezi kulirudisha, mimi siwezi, na padre naye hawezi. Hicho ni kidonda utakachokuwa nacho, ukubali tu kwamba ni chako.

Kukusanya kwako sikulaumu, na nisieleweke vibaya. Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Lamadi, nina kofia ya kampeni ya marehemu kaka yangu, imefifia mpaka mgombea hana uso, na mtu akiigusa tunagombana. Vitu hivi ni maisha ya watu, na wewe umevitunza wakati sisi tulikuwa tunadekia navyo. Lakini umetunza khanga kwa sababu ya mgombea aliyechapwa katikati na mwaka ulioandikwa pindoni, na lile doa la mafuta ukaliandika kama kasoro. Baba Kwandu, ulimi wako ulishindwa kusema doa hilo ni la nini? Ni mafuta ya mtoto. Binti yako mzima ndiye aliyeliacha pale.

Na usijidanganye kwamba yote yalitokea ndani ya zile dakika chache mbele ya jeneza. Mlango ule ulifungwa mwaka 2000, siku uliyomwambia unamtunzia. Akaomba, ukamnunulia nyingine. Akaomba akiwa kitandani, ukamwambia asiseme maneno hayo. Yeye aligeukia ukutani kwa sababu alishakujua, ndiyo maana akaenda kumwachia maneno mdogo wake.

Sasa sikiliza utakavyofanya, na ufanye kabla ya hiyo tarehe tisa, usingoje watu wakusanyike kwanza.

Nenda kwa Onesmo. Nenda mwenyewe, usimtume mtu na usimpigie simu, na mkewe awepo, kwa sababu yeye ameumia kuliko hata mumewe. Waambie, "Niliitoa mimi." Usianze na habari za pamba, wala lori, wala Masele na redio yake. Onesmo akinyanyuka akakufukuza, ondoka. Akilia, kaa. Usilie wewe kwanza, maana ukilia wataanza kukubembeleza, na umeshabembelezwa vya kutosha kwa jambo hili.

Kisha waite Kwandu na Nyanjige waje pamoja, usimwambie mmoja akampelekee mwenzake. Uwe umeitoa khanga kwenye sanduku na kuiweka mezani kabla hawajaingia, wasije wakadhani unaitumia kubadilishana na msamaha. Sema yaleyale maneno mawili matatu uliyomwambia Onesmo, halafu funga mdomo na usikilize yote watakayokuambia, hata yatakayokuchoma. Kwandu amepekua shimo la taka kwa jembe na wewe umesimama. Akilikumbuka hilo mbele yako usimkatize.

Khanga mpe yeye. Akitaka kumbebea mtoto, abebe, ichakae, ioshwe, ianikwe juani mpaka mgombea apotee. Akitaka ifunguliwe nafasi kaburini irudi kwa mama yake, hayo atayapanga na Nyanjige na padre, na wewe utakubali. Na mpe pande zote mbili. Naam, hata ule wa Mwandoya wa baiskeli siku mbili. Najua hapo ndipo moyo umeshtuka, nimekuona kutoka huku nilipo. Usipoutoa na huo utabaki unaufungulia sanduku na kuutafutia pacha, na sitaki wanawake wa ukoo wako waanze kukuficha khanga zao kila kukiwa na msiba.

Jumamosi ikifika, pale Onesmo alipotaka kusimama usimame wewe. Useme mbele ya watu walewale waliokuletea kiti. Katekista akae kwenye nafasi yake ya siku zote aongoze sala, na wazazi waliowatoa watoto wamwone hapo.

Unaniuliza kama utampoteza Kwandu. Sijui. Sitakudanganya ili ulale vizuri. Inawezekana akarudi Nyalikungu na mtoto wake na ukakaa miaka bila kumwona, na hutakuwa na haki ya kunung'unika. Lakini huyo unayeogopa kumpoteza yuko na baba mwingine kabisa kichwani mwake, baba asiye na kosa, na siku ukifa watafungua hilo sanduku kugawana vitu, wataikuta. Hapo atakuwa hana wa kumuuliza, na Onesmo naye huenda ameshazikwa na sifa mbaya. Afadhali akukasirikie ukiwa hai na unaweza kumjibu.

Liko jambo la mwisho. Ukurasa huu huwabadilishia majina wote wanaotajwa, ndivyo tulivyozoea, ili mtu asinyooshewe kidole sokoni. Kwandu siye Kwandu, Onesmo siye Onesmo, Nyanjige nimempa jina la shangazi yangu, na hata yule wa redio huko Mwandoya nimembatiza upya. Nilipofika kwa mkeo sikuwa na kazi ya kufanya. Nimeisoma barua yako mara tatu, kurasa saba za mwandiko mzuri wa karani, umenitajia miaka ya uchaguzi, pindo, doa, ilibaki kidogo unitajie na bei ya blanketi, na jina lake halimo. Najua kwetu mume hamwiti mkewe kwa jina. Lakini hata Mama Kwandu hukuandika, na mjukuu aliyepewa jina lake umemwita mtoto yule.

Kwa hiyo kabla hujaenda kwa Onesmo, fungua sanduku, harufu ikupige, uvumilie. Toa ile kadi ya upande wa kwanza. Pale penye kutoka kwa nani, ulipochora mstari, andika jina lake lote, la ubatizo na la kwao, kwa wino. Kisha ibandike kwenye khanga, na Kwandu akifika aikute hapo.